Mchezaji wa Mtaa, Mkwe wa Nyumba

Mkomani, Lamu
3 Desemba 1954

Kwa Kaka Yunusi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya alfajiri ya Mombasa haijakupa kifua kama ilivyompa mjomba wangu alipokaa huko. Sisi hapa wazima. Mama anakusalimu, ila kaniambia nisiandike kuwa amekusalimu. Ile sabule, chumba cha wageni ulicholala mwaka mzima ulipoichezea timu yetu, imefagiwa na kufungwa, na baba hataki kusikia ilikuwa ya nani.

Kaka, tulifungwa. Shababi walitia mabao matatu, sisi Hilali hatukupata hata moja. Nafasi yako ya winga alipewa mtoto wa muuza halua, naye alikimbia uwanja mzima kama mtu anayefukuzwa na nyuki, mpira uko kwingine. Watu wa Langoni, mtaa wa Shababi, waliimba kutoka uwanjani mpaka mlangoni kwetu, kwa sababu wanajua baba ndiye mkubwa wa Hilali.

Tangu siku hiyo kila baada ya alasiri barazani kwetu husomwa kesi yako. Mmoja anasema Shababi walikununua. Mwingine anasema hapana, ulikuwa na kiburi tangu zamani, hata ukifunga bao hucheki. Jeilani fundi wa kushona anasema miguu ya mvuvi wa Ndau imezoea kukanyaga mashua, haiwezi kukaa nti kavu. Watu walicheka sana. Kisha baba akasema, "Tulimtoa kwenye samaki tukamfanya mtu. Ametulipa kwa kutupa mgongo." Hakuna aliyecheka hapo. Wote walitikisa kichwa kama wanaoitikia dua.

Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa baraza na kitabu changu cha jiografia. Kaka, mimi najua kwa nini uliondoka. Siku mjomba wako alipokuja kutoka Ndau kukuposea dada yangu Alawiya, ni mimi niliyemimina kahawa. Nilimsikia baba akimjibu. Alisema, "Kijana wenu ni wetu uwanjani. Lakini mchezaji ni wa mtaa, mkwe ni wa nyumba." Mjomba wako aliweka kikombe chini kabla hajakimaliza, akaaga kwa adabu zaidi kuliko ile aliyoingia nayo. Kesho yake wewe hukuwapo.

Sasa yule yule aliyekufungia mlango ndiye anayeuliza kwa nini umetoka. Nataka kusimama barazani niseme. Wewe wanijua, mimi nikisimama mbele ya watu ulimi huwa mzito, hata darasani mwalimu huniambia nikae. Lakini hili nitaliweza. Nipe ruhusa yako tu.

Ndugu yako mdogo,
Amini


Mombasa
20 Desemba 1954

Kwa mdogo wangu Amini,

Waalaykumu salaam. Mimi mzima, sina kifua wala homa. Nimepata kazi kwenye ghala la magunia, na jioni nacheza na vijana wa mtaa ninaokaa. Usiniandikie maneno marefu ya Kiswahili cha vitabu, nasoma polepole.

Ruhusa sikupi.

Fikiri kidogo, wewe una akili. Ukisema nilimposa Alawiya nikakataliwa, wataacha kunisema mimi, wataanza kumsema yeye. Watauliza, alimuona wapi? Mimi nilikuwa nikilala nyumba moja naye. Wallahi sikupata kuongea naye ila salamu, na mama yako yuko pale. Nani wa barazani atakubali hivyo? Jeilani?

Mimi nimeshaondoka, matusi yao hayavuki bahari. Yeye atakaa nayo mpaka uzeeni. Waache waseme. Jambo hili moja tu nakuomba, na sijapata kukuomba kitu.

Soma, Amini. Mpira waachie wajinga kama mimi.

Kaka yako,
Yunusi


Mkomani, Lamu
9 Machi 1955

Kwa Kaka Yunusi,

Assalamu alaykum warahmatullahi. Nakuombea afya, na magunia yasikuumize mgongo. Sisi tunamshukuru Mungu. Nimekuwa wa pili darasani. Nilijifunga kukutii na nimekutii, lakini nataka ujue ninatii nini.

Jeilani ametunga wimbo. Watoto wanauimba kichochoroni, chini ya dirisha letu:

Tumemlisha pilau, akatamani muhogo;
tumemketisha juu, akashuka kwa kisogo.

Alawiya hukaa dirishani akidarizi kofia. Wakianza kuimba hainui kichwa wala hafungi dirisha. Mama siku moja alikwenda kulifunga. Alawiya akamwambia, "Liache, mama. Wakiona limefungwa watauliza kwa nini."

Jumatatu mama yako, Bi Hadia, alikuja kutoka Ndau na ng'onda zake kuuza. Alipita mbele ya baraza. Jeilani akamwita akashika samaki mmoja mkavu, akamgeuza geuza. "Bi Hadia," akamuuliza, "hawa nao hawatatutoroka?" Mama yako akamjibu, "Hawa wamekufa, bwana. Aliye hai ndiye ajuaye kuondoka mahali pabaya." Nilitaka kucheka. Kisha nikaona baba yangu anamtazama, naye mama yako anamtazama baba. Baba ndiye aliyeinamisha macho. Jioni alituambia nyumbani kwetu hakutaliwa tena ng'onda za Ndau, kwa kuwa zina mchanga.

Nilimchukulia kikapu mpaka ngazini pwani. Nilikuwa nimejitayarisha kumweleza yote, kwa kuwa niliona mama mzazi si mtu wa baraza. Hakuniacha nimalize. Alisema, "Najua, mwanangu. Ndugu yangu ndiye aliyeketi pale." Nikamuuliza kwa nini basi asiwajibu, maana yeye hakuniahidi mimi wala wewe kitu. Akasema, "Na mimi nina binti."

Kwa hiyo nyumba iliyotukanwa ndiyo inayoilindia heshima nyumba iliyotukana. Nimelitafuta jambo hili katika vitabu vyote vya akhlaki tunavyosomeshwa na sijaliona.

Ndugu yako mdogo,
Amini


Mkomani, Lamu
14 Juni 1955

Kwa Kaka Yunusi,

Assalamu alaykum. Nimekuandikia mara mbili tangu Machi na hukunijibu. Nakuombea iwe ni kazi tu, si maradhi. Sisi wazima.

Hujaniuliza habari za Alawiya hata mara moja, na mimi sikuthubutu kuandika. Leo lazima niandike, ili usisikie kwa mdomo mwingine. Ameolewa juzi Alhamisi na Jamaludin, mtoto wa baba mdogo. Ni mtu mpole, ana duka la vitambaa, na alipoulizwa kama anapenda mpira alisema jua humuumiza kichwa.

Baba aliwaalika Hilali wote. Walikula, na baada ya kula Jeilani akasema kwa sauti, huyu sasa ndiye mwana wa kweli, hawezi kututoroka maana hajui kukimbia. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimtazama, yeye peke yake ajuaye katika wageni wote wale, nikajiuliza kama amesahau, au amejisahaulisha.

Alawiya alipokuwa akipakwa hina aliniita. Nilidhani atanipa neno nikuletee. Hakusema neno juu yako. Aliniambia nisiache shule.

Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Ndugu yako mdogo,
Amini


Mombasa
29 Agosti 1955

Kwa mdogo wangu Amini,

Waalaykumu salaam. Mimi mzima, nisamehe. Barua yako niliipata siku zile zile. Nilikuwa sina la kuandika.

Mungu awape kheri na watoto wema.

Nimechaguliwa timu ya Pwani. Tulicheza na watu wa Nairobi tukawafunga, na mimi nilitia bao la pili. Wamenipiga picha, imetoka gazetini. Hapa nilipo wananiita Yunusi wa Lamu. Sikuwaambia waniite hivyo.

Kaka yako,
Yunusi


Mkomani, Lamu
2 Oktoba 1955

Kwa mwana wetu mpenzi Yunusi wa Ndau,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Tunakusalimu sote, wakubwa kwa wadogo, na tunakuombea Mola akuzidishie afya na nguvu za miguu. Sisi wazee wako tu salama.

Tumeiona picha yako gazetini na tumefurahi kama wazazi wanavyofurahi. Tunawaambia wageni wote kuwa mchezo huo uliujifunzia hapa, mikononi mwetu. Maneno yaliyopita yamepita. Mtoto hukosa na mzee husamehe.

Mwezi huu wa Maulidi tutacheza na Shababi. Tunakuomba uje uvae fulana ya Hilali kwa mchezo huu mmoja. Sabule yako kwa mkubwa wetu Bwana Badawi iko wazi. Tunakuomba pia utueleze kwa mkono wako mwenyewe ni nini kilichokuondoa, ili nyoyo za watu zitulie. Barua yako itasomwa barazani mbele ya wote.

Ni sisi wazee wako,
Hilali ya Mkomani


(Karatasi hii ndogo ni yangu, nimeitia ndani ya bahasha nilipokuwa nikiifunga.)

Kaka, hati hii ni mkono wangu lakini maneno si yangu. Baba alisema, mimi niliandika. Gazeti limepita mkono kwa mkono mpaka picha yako imechakaa usoni. Jeilani amebandika nakala moja dukani kwake juu ya cherehani, na watoto wamekatazwa ule wimbo.

Hilo la kukuuliza sababu ni la Jeilani. Baba alisema si lazima. Jeilani akasema, "Lazima, Bwana Badawi, sisi hatuna siri na mtu." Baba akaniambia, andika. Tangu hapo hali chakula vizuri. Kila chombo kikiingia kutoka Mombasa ananiuliza kama barua imekuja, na nikisema bado, anasema alhamdulillahi kisha anajifanya alikuwa anapiga chafya.

Safari hii wao wenyewe wamekuuliza. Sasa Alawiya ni mke wa mtu na nyumba yake imetulia. Lolote utakaloliandika nitalisoma mpaka mwisho, kwa sauti. Sitaruka neno.

Amini


Mombasa
21 Oktoba 1955

Kwa Bwana Badawi na wazee wangu wa Hilali,

Assalamu alaykum. Baada ya kuwaamkia kwa heshima, mimi mzima na nawaombea uzima.

Nashukuru kwa kunikumbuka. Mmeniuliza ni nini kilichoniondoa. Niliondoka kwa hiari yangu. Nyumba ya Bwana Badawi ilinilisha na kunilaza, na kwa muda wote niliokaa sikuona ndani yake ila wema na heshima. Hakuna aliyenikosea. Niliwaacha wakati mlikuwa mkinihitaji, na lawama ya hilo ni yangu peke yangu. Naomba radhi zenu.

Kuja sitakuja. Nawaombea ushindi.

Mama yangu akipita na ng'onda zake, nawaomba mumuache apite.

Ni mimi mtoto wenu,
Yunusi


Lamu
6 Novemba 1955

Kwa Kaka Yunusi,

Assalamu alaykum. Nakuombea uzima wa mwili na wa roho. Mimi mwili mzima.

Barua yako niliisoma barazani baada ya alasiri, watu wamejaa mpaka wengine wamesimama. Baba alikuwa ameshika tasbihi. Nilipoipasua bahasha aliacha kuihesabu. Nilisimama, na ulimi haukunisaliti, kwa sababu nilidhani ninakwenda kusoma haki yako. Nilipofika penye "hakuna aliyenikosea" nilisimama kidogo nikaitazama tena hati, nikitumaini nimekosea. Kisha nikaendelea, kama nilivyokuahidi. Sikuruka neno.

Nilipomaliza niliikunja barua. Baba ndiye aliyesema kwanza. Alisema, "Amekiri." Uso wake ulikuwa umerudiwa na rangi. Akarudia kwa nguvu zaidi, "Mmesikia wenyewe. Amekiri kwa mkono wake." Jeilani akapiga paja lake akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza, mtu wa Ndau hata ukimuinua mpaka gazetini hushuka. Mmoja akasema umekuwa mkubwa sasa huwezi kucheza na masikini. Mwingine akasema hilo la mama yako ni la kutafuta huruma. Walikwishakusamehe wakati hukuomba. Ulipoomba, wakakunyima.

Nilikuwa bado nimesimama. Nikasema, "Amekiri nini, baba?"

Hiyo tu, Kaka. Sikusema zaidi, nimelinda neno lako. Watu walinigeukia kana kwamba mlango umesema. Walimtazama baba wakingoja jibu. Aliniangalia sana, kisha akasema kwa upole, "Kaa chini, mwanangu. Umesoma vizuri." Wakaanza kujadili nani atacheza winga.

Tulifungwa tena, bao moja. Nimesikia kwa watu. Wimbo umerudi, na Jeilani ameuongezea ubeti wa kukiri kwako. Picha ameibandua.

Nilikwenda kwa Alawiya nikamweleza ulichoandika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ni kweli uliandika hukuona ila heshima. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Angeandika kweli, mimi ningestahimili." Kisha akainuka kwenda kumtengea mumewe chakula.

Nimeyaweka maneno hayo kama alivyoyasema. Sikuyaandika kukuumiza. Sote tulinyamaza kwa ajili yake, mimi, wewe na mama yako, na hapana kati yetu aliyemuuliza.

Baba amenikataza kukuandikia. Hii ninaiandika darasani wenzangu wamekwenda uwanjani kufanya mazoezi. Sauti zao zinafika mpaka hapa. Mimi uwanja wa Hilali sitaukanyaga tena, wala baraza yao sitaikalia. Najua hiyo si adhabu kwa mtu yeyote. Hakuna atakayeona kuwa sipo.

Ndugu yako mdogo,
Amini