Jino Bovu Lichongwe na Ubovu Wake

Mpendwa Bibi mshauri, shikamoo, naomba msaada wako na naomba pia usinigombeze kabla hujafika mwisho wa barua, maana jambo lenyewe nimelificha hata kwa mume wangu, na mimi si mtu wa kuficha.

Mimi ni fundi wa funguo, mama wa miaka thelathini na minne, nina kibanda changu pembeni ya posta, nachonga funguo tangu baba aliponiachia tupa na mashine yake, na kwa kweli sina cha kulalamikia, kazi ipo, watoto wawili wazima, mume wangu ni mpishi wa hospitali na akirudi nyumbani bado ana moyo wa kutupikia, sasa mtu mwenye maisha hayo ukisikia analia utasema amechanganyikiwa, lakini Bibi, tangu nikiwa msichana nataka kusoma sheria, na ili uingie chuo cha sheria lazima ufanye mtihani wa mantiki, ambao si wa kukariri, ni wa kupima unavyofikiri, nami nimeufanya mara mbili na kuanguka mara mbili, ya pili kwa alama nne tu, na wanaruhusu mara tatu, basi, ya tatu ni wiki mbili kutoka leo.

Kinachoniangusha ni maswali ya aina moja. Wanakupa hoja ya mtu, halafu hoja tano nyingine, uchague iliyojengwa kama ile ya kwanza, na mara nyingine wanakwambia wazi kwamba hoja ya kwanza ina kosa, tafuta yenye kosa hilohilo. Nakuandikia moja uone. Wanasema: kila duka linalouza mikate ya asubuhi hufunguliwa kabla ya jua kutoka, duka la jirani hufunguliwa kabla ya jua kutoka, kwa hiyo linauza mikate ya asubuhi. Jibu moja linasema kila mkate uliokaa sana ndani ya tanuri ni mgumu, mkate huu umekaa sana ndani ya tanuri, kwa hiyo ni mgumu. Jingine linasema kila muuguzi wa zamu ya asubuhi huvaa viatu vyeupe, jirani yangu huvaa viatu vyeupe, kwa hiyo ni muuguzi wa zamu ya asubuhi. Mimi nilichagua la mkate, maana swali ni la mikate na tena maneno yake ni ya kweli, wakanipiga mkasi, na ndivyo ninavyokosa yote.

Sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, naye anaufanya mtihani huohuo na maswali haya anayameza kama uji, akaniambia, "Wifi, tutakaa karibu. A nakohoa mara moja, B mara mbili, mpaka E mara tano. Wewe tega sikio tu." Nikamwambia tutakamatwa. Akasema, "Nani amewahi kukamatwa kwa mafua?" Nikacheka, Bibi, na sikukataa, nilisema nitafikiria, na tangu siku hiyo mume wangu akiniuliza masomo yanaendaje namjibu vizuri huku natazama sufuria.

Hata kazini akili haipo. Juzi mama wa saluni aliniletea ufunguo wenye jino lililoliwa, nikamhurumia nikamchongea pacha mwenye jino zima, akarudi amekunja uso, haufungui, kumbe kitasa chake kimeshazoea ubovu ule, ikabidi nichonge upya na ubovu wake. Mimi huyo wa kukosea ufunguo.

Niambie, Bibi, nikubali kikohozi au niachane na sheria nibaki na tupa yangu?

Mimi, fundi wa posta.

*

Marahaba, mjukuu wangu. Umeniomba nisikugombeze kabla sijafika mwisho. Nimefika. Kaa vizuri.

Watu wanakuachia funguo za nyumba zao, wanakwenda sokoni, wanarudi kuchukua, wala hawaulizi umechonga ngapi. Unajua hiyo ni heshima ya namna gani? Siku wakisikia fundi wao ameiba majibu ya mtihani, hata ufunguo wa kabati la vikombe hutaletewa. Na tena unataka kuiingia sheria kupitia dirishani, wewe ambaye kazi yako ni kuwafungulia watu milango. Halafu hesabu ya wifi yako sijui aliipigia wapi. E mara tano? Mkifika swali la sita msimamizi atawatoa nyote wawili mkapimwe kifua. Namsamehe nusu kwa sababu anakupenda. Nusu iliyobaki nitamkuta nayo.

Sasa futa machozi tuzungumze kazi.

Mimi shule sikupelekwa hata siku moja. Barua zenu ananisomea mjukuu wangu, na majibu nasema mimi anaandika yeye. Alipofika kwenye lile swali lako nilimwambia asome tena, polepole. Nikamwambia, jibu ni la muuguzi. Akaniuliza, "Bibi, umejuaje?" Nikamwonyesha miguu yangu. Viatu hivi ni vyeupe. Nimemchoma nani sindano? Mwenye duka naye huenda anaamka mapema kuuza mafuta ya taa. Wenye hoja zote mbili wameona alama wakadai wamemwona mwenyewe. Ujinga ni mmoja, nguo tofauti.

Wewe umeukimbilia mkate kwa sababu umeona mkate. Hebu niambie, mteja akikuletea ufunguo wa njano unamtafutia wa njano mwenzake, au unatazama meno? Kumbe kibandani unajua, ukishika kalamu unasahau. Hiyo mikate na viatu ni rangi tu. Meno ni jinsi neno linavyolishika neno.

Na kosa lako kubwa umeliandika mwenyewe, ukalipita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake. Mama wa saluni. Ulipoona jino limeliwa, mkono wako wa huruma ukalitengeneza, na mlango ukakataa. Ndicho unachokifanya kwenye karatasi. Wanakuletea hoja mbovu, wanakwambia ni mbovu, wanataka pacha wake, wewe unawachongea nzima. Hakuna aliyekutuma utengeneze. Jino bovu lichonge na ubovu wake, palepale lilipoliwa, wala usilile zaidi.

Fanya hivi. Ukisoma hoja, itaje kwa mdomo bila majina ya vitu: kila mwenye hiki ana kile, huyu ana kile, basi ana hiki. Hayo ndiyo meno. Kisha anza kutazama mwisho wa kila jibu. Kama hoja yao imemaliza kwa "lazima" na jibu limemaliza kwa "huenda," tupa. Kama wao wamesema "kila" na hili linasema "baadhi," tupa. Mjukuu wangu huyu anayeandika anasema wakati mwingine watahini hubadilisha mpangilio wa sentensi, ya mwisho ikaja mwanzo. Hilo lisikutishe. Ufunguo ukiushika juu chini meno hayabadiliki. Na kwa kuwa maswali yenyewe ni marefu, yaache mpaka umemaliza mafupi, usije ukashinda kwenye mlango mmoja huku nyumba nzima inakusubiri.

Leo jioni, kabla chakula hakijaiva, mwambie mume wako habari ya kikohozi. Mwambie akiwa anakata vitunguu, machozi yasijulikane ya nani. Atanuna kidogo, kisha atakuonjesha mchuzi. Kesho mwite wifi yako kibandani. Mshukuru, mkatalie, na umwambie siku ya mtihani utakaa mbali naye. Kisha umpe kazi: akuletee hoja kumi za kipumbavu kila siku, wewe umtafutie pacha wa kila moja kutoka kwenye maneno ya wateja wako. Mtacheka mpaka posta wafunge, na kwa wiki mbili mkono wako utazoea.

Hata usiponiuliza ukianguka itakuwaje, nakwambia. Utakuwa fundi wa funguo mwenye mume anayepika, na mtu wa kukuhurumia humpati hapa. Lakini sioni ukianguka. Bibi asiyejua A wala B amelipata swali kwa masikio tu. Wewe una macho, una masikio, na una mkono uliokwisha kukwambia jibu kabla hujaniandikia.

Nenda kafanye. Na siku hiyo ukibanwa na kikohozi cha kweli, kohoa mara moja tu, unywe maji, uendelee.