Kofi la Langoni

Aschaffenburg,
Jumapili, 26 Mei 1974

Mdogo wangu mpendwa Lothar,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kiel, wewe na Gudrun, na kwamba baridi ya bahari imeacha kukusumbua kifua. Sisi huku tu wazima, isipokuwa Baba, ambaye amelazwa hospitali, mkono umevunjika mahali pawili na meno mawili hana. Mama atakuwa ameshakuandikia kwamba aliteleza. Basi kaa chini nikueleze.

Alhamisi ilikuwa Sikukuu ya Kupaa. Mama alishikilia twende Miltenberg sote kama zamani, eti Baba ametimiza sabini na moja na hajui amebakiwa na safari ngapi. Nilikataa, na unajua kwa nini. Mama akalia, akasema mzee siku hizi hata kijiko kinamtetemeka mkononi. Mwishowe nilikubali kwa sharti moja, nikalitamka mbele ya Baba mwenyewe: mambo ya langoni yasiwepo, na akiwagusa wanangu hatatuona tena. Akacheka. "Irmgard, wewe nawe! Nimeshazeeka, nitampiga nani mimi, nzi?"

Harald wangu alikuwa zamu kiwandani, kwa hiyo tulipanda treni mimi, wazee na watoto. Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri, sikufichi. Tulikaa kwenye nyasi kando ya mto, tukala saladi ya viazi ya Mama na soseji baridi. Wanaume walipita na vigari vyao vya mkono vilivyojaa bia, wakisherehekea siku ya akina baba kwa kulewa kabla ya saa sita. Baba aliwatania, nao wakamtania. Kisha akasema anakwenda kunyoosha miguu na wajukuu. Mimi nilikuwa nimeinama nafungasha sahani. Nilipoinua kichwa, walikuwa wameshafika langoni.

Hatujawahi kulizungumza jambo hili kikamilifu, Lothar, kwa hiyo nataka niliandike japo mara moja. Kijijini kwao Baba, watoto walizungushwa mipakani na kupigwa kofi kwenye kila jiwe la mpaka, wasisahau lilipo. Yeye akauhamishia mtindo huo kwenye nguzo ile nyekundu ya lango la Miltenberg, iliyochorwa alama za miaka ya mafuriko. Mdogo ndiye wa kwanza: mgongo nguzoni, Baba anagusa alama, mtoto anataja mwaka. Akipatia, kofi dogo la ukumbusho. Akikosea, mkono mzima wa mwashi, na tena, na tena, mpaka hasira iishe. Ikishamwishia kwa wa kwanza, wa pili hupona.

Nilikimbia. Nilimwona Anke ameegemea nguzo, miaka minane, soksi zimeshuka, anamtazama kaka yake. Detlev akamnong'oneza. Anke akasema kwa sauti, "1845!" Baba akampiga sikioni kwa kiganja wazi. Ule mlio unaujua. Mtoto akaanguka juu ya mawe, mdomo ukapasuka, na yule mzee ambaye kijiko kinamtetemeka akamwinua kwa nywele, mkono ukiwa imara kabisa, ampige la pili.

Sikumbuki kuichukua fimbo yake ya kutembelea. Nakumbuka nilivyoishusha kwenye mkono ulioshika nywele za mwanangu, na mfupa ukalia. Akamwachia. Hapo ningeweza kuacha, na sikuacha. Nilimpiga tena mkono uleule, nikampiga mdomoni, meno yakaruka na damu ikamwagikia shati la sikukuu. Akapiga magoti. Akasema, "Irmgard, mimi ni baba yako." Nikamwambia najua, nikampiga begani. Wale walevi walikuja mbio, mmoja akanikumbatia kwa nyuma huku akisema, "Mama we, tulia! Leo ni sikukuu ya huyu mzee, si matanga yake!" Nikamng'ata kidole. Walihitajika watatu kuninyang'anya ile fimbo.

Polisi alipokuja, Baba alisema ameteleza kwenye mawe. Aibu ya kupigwa na binti ilimuuma kuliko mkono. Mama akadakia kwamba ndiyo, aliona kwa macho yake. Sasa ananitaka niende hospitali nikaombe radhi. Siendi. Daktari amemtazama Anke, ngoma ya sikio haikupasuka, atasikia vizuri. Nililia pale pale, mbele ya muuguzi.

Jioni niliketi na Detlev, nikamuuliza kama mwaka hakuujua. Aliujua. Alisema alitaka Babu achoke kabla zamu yake haijafika. Ana miaka kumi na moja. Sikumgusa wala sikumkaripia.

Lothar, mwaka 1947 nami nilikuwa na miaka kumi na moja. Wewe ulikuwa na tisa, umesimama penye nguzo ile ile, ukanitazama mimi. Umeishi miaka yote hii ukiamini kwamba dada yako alijaribu kukusaidia akachanganya tarehe. Umewahi hata kunifariji kwa hilo, siku ya harusi yako. Sikuchanganya. Alama aliyoigusa Baba siku ile, kama juzi, ni ya 1784. Nilikunong'oneza 1845, na nilijua. Sikio lako la kushoto, lisilosikia hadi leo, nililitoa mimi ili langu lipone, halafu nikapewa kofi dogo, nikala keki.

Sikuandiki unihurumie. Nimemvunja Baba mkono, na katika sisi wawili tuliokuumiza, mimi bado sijaguswa na mtu. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kunyamaza, nitaelewa, na watoto nitawaambia ukweli kuhusu ukimya wako.

Nisalimie Gudrun, mwambie kitambaa alichonitumia kimefika salama. Anke anakusalimu, midomo imeanza kupona. Detlev naye ameniomba niandike jina lake hapa.

Mezani nimekuwa nikikaa kulia kwako siku zote, upande unaosikia, nawe ukasema hakuna dada kama mimi. Sasa unajua kwa nini sikuwahi kukujibu.

Ni mimi, dada yako,
Irmgard