Pweza wa Dotonbori

Jumatatu, 7 Aprili
Kazini La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, saa mbili kasorobo. Kola kumi na nne za shule kabla ya chai. Cherehani ya pili inakata uzi tena. Nimeitia mafuta.

Saa tano Hamisi kapiga video kutoka Osaka. Kule jioni ilikuwa inaingia. Mdogo wangu ana mwaka wa nne Japani, yuko kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Amemwita Mama kutoka Tanga kwa siku kumi, na jioni anamtembeza mtaa mmoja uitwao Dotonbori. Mto katikati, mabango ya taa pande zote, watu kama siku ya Idi. Mama kavaa koti la Hamisi juu ya baibui.

"Mwanangu, huku watu wazima wanakula wamesimama, na hakuna anayewasema."

Nimecheka. Miaka sita sijamgusa. Ningekwenda hata kwa siku mbili. Karatasi zangu ziko ofisi ya uhamiaji tangu mwaka juzi. Nikitoka bila karatasi, hapa sirudi.

Jumanne, 8 Aprili
Nimemwandikia Hamisi mambo sita. La kwanza, sukari: Mama akichomwa sindano ale ndani ya nusu saa. La pili, kadi ya hoteli ikae kwenye mkoba wake. Viatu, maji, choo. La sita, mkipotezana. Mama hana laini ya kule. Simu yake inapata mtandao kutoka kwa simu ya Hamisi, akiwa karibu tu.

Kwenye video ya jana niliona pweza mkubwa mwekundu juu ya duka, kafungwa kitambaa kichwani. Nikaandika: mkutane kwa pweza. Kwetu ukisema kwa pweza, hata mgeni anafika kwenye sinia la Mzee Kombo, muuza pweza. Mtaa mzima hakuna mwingine. Mama kasema hilo halisahau.

Jumatano, 9 Aprili
Uhamiaji tangu alfajiri. Foleni hadi kona. Mlinzi katoka saa nne, kasema eish, mashine hazifanyi kazi, rudini wiki ijayo. Sikuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi, 10 Aprili
Naandika kwa mpangilio ili nisilie.

Saa tano na robo: picha kutoka kwa Mama. Pweza. Na sauti fupi: "Ndiye huyu?" Nilikuwa na kola chini ya sindano ya cherehani. Nilifungua baada ya dakika saba. Nikajibu: ndiye. Tiki moja. Ujumbe haukufika.

Saa tano na nusu: Hamisi. "Dada, uko na Mama kwenye simu?" Aligeuka kupiga picha ya bango. Alipogeuka tena, Mama hayupo. Sindano alishamchoma saa tano, walikuwa njiani kwenda kula. Kadi ya hoteli iko kwenye mkoba mwingine, hotelini.

Nikamwambia aende kwa pweza. Nikasikia kelele za watu tu. Halafu: "Dada, pweza wako wengi huku. Mpaka sasa nimeona wanne."

Nikamtumia picha ya Mama. Wote wekundu, kasema, wote wana kitambaa. Nikaikuza picha. Nusu ya taa ya karatasi, kona ya ukuta. Nikaikuza tena mpaka ikawa rangi tupu.

Saa sita na dakika tano umeme ukakatika mtaa mzima. Mtandao nao. Nikatoka na simu juu, kuelekea mtaa jirani wa Turffontein, kutafuta mahali penye mtandao. Maman Béa, bosi wangu, mtu wa Bukavu, kanifuata na kikombe cha maji mpaka kwenye robot, taa za barabarani.

"Kunywa mayi kwanza. Mungu iko namuona."

Nilikipokea, sikunywa. Nilikuwa nahesabu dakika za sindano. Sifai kitu. Mambo sita niliyapanga mimi, na la sita ndilo lililompoteza. Siwezi kumtafuta. Siwezi hata kupotea pamoja naye.

Saa saba kasoro kumi, nje ya uwanja wa farasi, simu ikaita. Hamisi. Amepatikana. Pweza wa tano, barabara ya nyuma. Yuko kwenye kiti, anaongea na simu yake.

Nilikaa ukingoni mwa barabara. Nilimchukia Hamisi, kisha nikajichukia mwenyewe. Kikombe cha Maman Béa nilikuwa bado nacho mkononi.

Ijumaa, 11 Aprili
Mtandao umerudi huku, na sauti tisa za Mama zimeingia kwa mpigo. Alizirekodi jana zote, akidhani zinanifikia. Kumbe alikuwa ananitembeza.

Ya pili: boti mtoni, abiria wote wanatazama upande mmoja kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Ya nne: mwanamume mzima kavaa sketi na hana habari. Ya sita, sauti imelegea. Mwanamke muuza pweza kamtolea kiti, kampa vitonge vya unga vya moto, pweza ndani. "Nimemuuliza kama kuna nguruwe, ananiinamia tu. Nimekula. Mikono ilishaanza kutetemeka. Mungu ndiye ajuaye." Ya nane anasema pweza wa Mzee Kombo ni laini zaidi.

Ya tisa: "Mbona hujibu? Basi fanya kazi, mama. Mimi nipo kwa pweza, kama ulivyosema."

Nimeizima. Nimeshona kola tatu, zote upande mbaya. Nimezifumua.

Jumapili, 13 Aprili
Chumbani. Jua la asubuhi kitandani. Nimefua, nimepiga pasi.

Mama yuko kwenye ndege, anarudi Tanga. Haipiti hapa. Jana kasema amefurahi, ameona mji ambao hakuuota. Kaniuliza lini na mimi. Nimesema karibuni.

Leo nimesikiliza sauti zote, kuanzia ya kwanza, na kujibu kila moja. Kuhusu boti, nimecheka kwa sauti ili asikie. Kuhusu sketi, nimesema aache kuwatazama watu. Kuhusu nguruwe, hakuna dhambi kwa mgonjwa.

Kisha nikarudi kwenye ile picha. Ndiye huyu? Nilifuta jibu la Alhamisi, nikaandika jingine: Sijui, Mama. Mimi sijafika huko.

Ya tisa nimejibu mwisho. Nipo, nimesema.

Tiki moja. Bado yuko angani.