Mgongo wa Zélie

Mtaa wa Blanche,
Paris.
14 Machi 1882

Shangazi yangu mpendwa Philomène,

Nakusalimu kwa moyo wote. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko Brest? Sisi hatujambo, ila Baba anakohoa kidogo, nami vidole vya miguu vimechubuka kwa mazoezi, kama ilivyo kwa wacheza dansi wote.

Asante kwa siagi. Mama ameficha nusu yake, anadhani sijui.

Sasa nikueleze lililonikuta, maana hapa sina wa kumwambia. Rafiki yangu Zélie, niliyecheza naye safu moja, alifariki Januari kwa homa ya mapafu. Bwana Delorge, yule mzee anayetuchora kwa chaki za rangi, alikuwa na picha yake ambayo haijamalizika: Zélie amegeuza mgongo, anafunga mkanda wa sketi. Akaniomba nisimame badala yake.

Asubuhi nne alinisahihisha: bega la kushoto lishuke, kichwa kiiname. Siku ya tano hakusahihisha chochote, nami wala sikuwa nimejaribu kusimama kama Zélie. Kisha mwalimu wa dansi akaanza kunigombeza kwa makosa ya Zélie. Mama naye akaniuliza kicheko hiki kipya nimekitoa wapi.

Jumamosi mama yake Zélie alikuja kuiona picha. Nilikuwa dirishani, nimewapa mgongo. Akaniita taratibu, "Zélie, mwanangu, jifunike, utapata baridi."

"Sisikii baridi, Mama."

Shangazi, sikujua kama ni mimi niliyejibu, mpaka nilipoona chaki imemdondoka Bwana Delorge. Yule mama hakulia. Alinifunika shali yake, akasema chakula cha Jumapili ni saa saba kama kawaida. Nami nikajua kiti changu ni kile kilicho karibu na jiko. Kwao sijawahi kukanyaga.

Sikwenda. Shali nilimrudishia kupitia kwa jirani yake, na Bwana Delorge nimemwambia sisimami tena. Akanijibu bila kuniangalia, "Picha imekwisha, binti. Ila sijui nimemchora nani."

Bega langu bado linashuka.

Nisalimie mzee Yves, Corentin na Maëlle mdogo. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake. Ukinijibu, tafadhali andika jina langu lote juu ya bahasha. Bawabu wetu huyasoma majina kwa sauti kabla ya kutoa barua, nami nataka kulisikia langu likiitwa.

Mwanao anayekupenda daima,
Octavie Marchandeau