Mwalimu, Akina Mama wa Runyenjes Wamesema

Mwalimu Ciarunji,

Tangu tukuzike nimekuwa nikipita mlango wa ofisi yako pale chuoni nikigeuza uso. Leo nimepita nikicheka. Lazima nikueleze kwa nini.

Unakumbuka Kianjokoma, wakati vyama vingi viliporudi? Nilikuwa mwanafunzi wako, tukizunguka mashambani kuwauliza watu wanataka viongozi wa aina gani. Yule mzee wa majani chai akatujibu, "Chama kinasema aje? Andika hivyo hivyo." Nami nikaanza kuandika! Wewe ukaweka kalamu chini, ukamuuliza habari za ng'ombe wake. Kufika jioni alikuwa ameshamchambua chifu, diwani na mbunge, nasi tumeshiba viazi. Njiani ukaniambia, "Kura wamepata. Kusema wanachofikiria bado wanaogopa. Hapo ndipo sosholojia ina kazi."

Basi juzi kaunti iliitisha mkutano Runyenjes. Walitaka kuwahamisha wauza mboga mbali na barabara, nami nikaalikwa kusaidia kukusanya maoni. Wanaume walijaa viti vya mbele, wakakubali haraka. Akina mama, wenye soko lao, kimya huko nyuma. Mwenyekiti akatangaza, "Wananchi wamekubaliana."

Nilitamani ungekuwa karibu... Nikasimama, nikaomba akina mama wakae peke yao kwanza katika kanisa la hapo jirani, kama ulivyopenda kufanya.

Kelele iliyotoka humo! Waliporudi, Mama Wanja, muuza mboga za sukuma wiki, akasema, "Soko jipya hatukatai. Lakini huko hakuna choo, hakuna maji, na wateja hawafiki. Mlimuuliza nani?"

Mwenyekiti alijifuta jasho. Mwishowe ikakubaliwa: hakuna kuhama mpaka choo na maji viwepo, na akina mama waingie kwenye kamati.

Tukitoka, Mama Wanja akanishika mkono. "Hii kitu ulisomea inaitwaje? Nataka msichana wangu aisome."

Na mjomba wangu bado huniuliza kwa nini sikusomea uuguzi! Nilicheka mpaka machozi. Halafu yakawa machozi kweli, maana swali hilo ulistahili kulisikia wewe.

Pumzika, Mwalimu wangu. Wanja anamaliza sekondari mwaka huu. Akija chuoni nitampokea mwenyewe, na kabla hajafungua kitabu chochote nitampeleka kwa watu, akae nao, wapige stori mpaka wasahau kuwa ni mgeni.

Mwanafunzi wako,
Muthoni