Upande wa Haragwe Jekundu

Bulengera, Butembo
tarehe 19 mwezi wa nane, 2001

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Orpa,
Bungulu, Beni

Yaya wangu mpendwa,

Nakusalimu kabla ya yote, wewe na binti yako Jokébed na mama mkwe. Mguu unaendeleaje? Phinées wa lori aliniambia kwamba sasa unafika shambani bila fimbo, nikamshukuru Mungu, ingawa tunamjua Phinées, husema lolote la kumfurahisha mtu ili akaribishwe chai. Hapa kwetu tuko, kwa kiasi chetu. Mke wangu Kavuo anakusalimu sana. Watoto wanakohoa kwa baridi ya asubuhi, si zaidi. Mimi siumwi popote, ila nimechoka, Yaya. Naamka nimechoka, nafundisha nimechoka, na nikikaa kupumzika ndipo nachoka zaidi.

Mji uko kama ulivyouacha, labda umekonda kidogo. Darasa langu halikufanya mtihani wa mwisho, maana asubuhi ile risasi zililia upande wa sokoni tukawatoa wanafunzi kwa madirisha. Wanajeshi wanabadilishana, kabla hatujazoea majina ya hawa, wanakuja wengine. Kila wanaokuja huitisha mkutano uwanjani. Sisi tunaenda, tunapiga makofi, tunarudi kupika maharagwe. Tangu Januari nimepiga makofi mara nne.

Barua yako imefika. Unauliza kwa mara ya tatu kwa nini mwanao Malachie haandiki, na hiyo stage, hayo mazoezi ya ualimu huko Lubero, ni ya namna gani yasiyokwisha. Mara mbili nimekujibu kwamba yuko salama, ana kazi nyingi, na posta haitembei. Koti ulilomtumia bado liko hapa kwangu, limekunjwa juu ya kabati. Sasa nakuomba ukae chini, usome hii mwenyewe, polepole. Usimpe Jokébed akusomee kwa sauti.

Hakuna stage, Yaya. Malachie aliondoka nyumbani kwangu katikati ya mwezi wa tatu, akaenda kwa wapiganaji wa msituni. Nilikuficha. Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, kisha utanihukumu unavyotaka.

Inabidi nianzie kwenye klabu yetu, maana bila hiyo hutaelewa nilichofanya. Wewe ndiye uliyeniomba nimwingize. Unakumbuka siku tuliyomzika baba yake, jinsi kijana alivyosimama awashukuru watu, kwa kuwa ndiye mkubwa, na maneno yakamkauka mdomoni mpaka mchungaji akamshika mkono na kumketisha. Ulilia kwa hilo kuliko kwa kaburi lenyewe. Ulisema, mwanamume asiyeweza kusema asante mbele ya watu wake atakuwa mwanamume wa namna gani? Basi ukamleta kwangu Butembo asome, na kila Jumamosi saa kumi nikawa naenda naye klabuni.

Tulikuwa watu kumi na tisa. Walimu, wauza duka, dada wawili wa kwaya, na Zorobabel wa mafuta ya mawese, ambaye ndiye président wetu. Tulikutana katika chumba cha shule, tukafundishana kusema mbele ya watu na kuongoza mikutano, ili siku nchi itakapotulia pawepo na watu wanaoweza kusimama bila kutetemeka. Utacheka, lakini tuliamini hivyo. Kila mmoja ana zamu. Leo unasema, kesho unaongoza, siku nyingine unakosoa. Léa wa kwaya anaangalia saa, na dakika zikiisha anainua kitambaa chekundu, hata kama unamhubiri Mungu.

Kukosoa ndiko moyo wa klabu. Mtu akimaliza kusema, papo hapo mwenzake anasimama na kumwambia mambo mawili aliyofanya vizuri na mawili ya kurekebisha. Anayekosolewa husema aksanti tu, hajibu kitu. Mwaka mzima Malachie alikosolewa hivyo. Mwanzoni aliongea na viatu vyake. Kufikia Noeli alikuwa anaongea na watu, na mimi nilikuwa najivuna kwake kuliko kwa wanangu niliowazaa. Nilikuandikia wakati ule, na wewe ukatuma kuku.

Tuna desturi nyingine, mjadala. Anayepangiwa kusema huingiza mkono katika kofia ya Zorobabel na kuokota haragwe. Jeupe, unapinga, jekundu, unakubali. Upande uliouokota unautetea kwa nguvu zako zote hata kama moyoni huutaki, na baadaye ni marufuku kusema eti mimi binafsi siamini hivyo. Zorobabel ni mkali sana kwa hilo. Anasema msikilizaji ajipimie mwenyewe, si mtoto.

Mimi ndiye katibu, na mada naziandika mimi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa pili niliandika: Kijana wa leo achukue silaha? Sijui nilikuwa na wazimu gani. Juma lile kijiji kimoja kilikuwa kimeungua, na wanachama watatu walikuwa na matanga nyumbani. Labda nilitaka tu, mara moja, tuseme kitu chenye uzito, maana nilikuwa nimechoshwa na mada za usafi wa mji na faida za kuamka mapema. Niliingiza mkono katika kofia. Haragwe likatoka jekundu.

Yaya, nilisema vizuri. Sitajifanya mnyenyekevu kwa jambo hili. Miaka sita katika klabu ile sikuwahi kusema hivyo. Sikupiga kelele. Niliwaomba wainue mkono wale waliomzika mtu bila kuuona uso wake, na mikono ikainuka. Kisha nikasimulia, bila kutaja jina, habari za mwanamume mwenye mke na watoto wawili aliyeshushwa kwenye lori na kuuawa njiani kwa ajili ya saa yake ya mkononi. Ndiyo. Nilimtumia mume wako. Nikauliza, kijana wa mtu huyu anangoja nini nyumbani? Tunafundishana kwamba maneno ya mwisho umwambie mtu mmoja, uchague uso mmoja ukumbini na kuutazama mpaka umalize. Nilichagua uso wa Malachie kwa sababu ulikuwa unasikiliza vizuri.

Walihesabu mikono, nikashinda kumi na wanne kwa wanne. Zamu ya kukosoa siku ile ilikuwa ya Malachie. Alisimama wima, akataja mazuri mawili. Kwa ya kurekebisha alisema ameona moja tu: “Musemaji ametuonesha njia, mais hakusema tutatoka siku gani.” Chumba kizima kilicheka. Nami nilicheka, nikasema aksanti, nikaketi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, sisi wawili tu. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba siamini hata neno moja la yale niliyosema, kwamba lingetoka haragwe jeupe ningewaliza kwa upande wa pili. Nilijiambia kwamba kanuni inakataza. Kweli inakataza. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilipenda jinsi alivyonitazama, sikutaka kuiharibu. Baada ya majuma matatu Kavuo alikuta kitanda cha Malachie kimetandikwa na daftari zake zimepangwa mezani, na kikaratasi kinachotuomba radhi kwa kutoaga.

Nilikuandikia uongo wa stage siku ile ile. Niliwaza nitamrudisha kabla hujajua. Nilituma watu wawili, hawakumpata. Wa tatu alikuwa Phinées. Mwezi wa saba alikuja kuniambia kwamba kuna kijana anayesema vizuri ajabu katika soko la viazi juu ya Lubero, kila Alhamisi, na watu wanaacha kununua ili wamsikilize.

Nilipanda lori lake nikaenda. Bariyeri tano za wanajeshi njiani, na katika kila moja nilisema nakwenda kumwona mgonjwa. Nilifika soko limejaa. Malachie alikuwa amesimama juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, amekonda, ana ndevu kidogo, bunduki iko kwa mwenzake aliyesimama nyuma. Kabla sijamwona, nilimsikia. Sauti ilifika mpaka kwa wauza mbuzi. Aliwaomba watu wainue mkono, wale waliozika bila kuuona uso. Wakainua. Akasimulia habari za mwanamume aliyeshushwa kwenye lori, hotuba yangu neno kwa neno, ila pale mimi niliposema “mwanamume mmoja” yeye alisema “baba yangu.” Na mwisho aliwaambia siku ya kutoka. Vijana saba walikwenda mbele. Mama mmoja alimshika mwanawe shati, shati likachanika, kijana akaenda.

Nilisimama pale pale kati ya magunia. Mimi niliyewafundisha watu kumi na wanane kusema, mwenye majibu yote ya haragwe jeupe kichwani, sikufungua mdomo. Niliogopa, hilo najua. Lakini nilipokuwa naogopa nilikuwa pia najivuna, Yaya, Mungu anisamehe. Hotuba yake haikuwa na kosa. Nilimtafuta aliyeongea na viatu vyake, nikamkosa.

Aliniona. Baada ya watu kutawanyika alinikuta nyuma ya zahanati, tukakumbatiana. Alinuka moshi. Alisema wamempa nafasi ndogo tu, kwamba dakika zake ziko karibu kuisha, nikaelewa bado anahesabu kama Léa. Nilikuwa nimepanga tangu Butembo nitakayomwambia. Rudi, mama yako anakuhitaji, yale niliyosema siku ile yalikuwa mchezo wa haragwe tu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, yana mwanzo na mwisho.

Lakini yeye aliniwahi, akaniuliza: “Mujomba, nimesema namna gani?”

Na mimi nilimkosoa. Hilo ndilo nililofanya, Yaya. Safari ya bariyeri tano, na nilipompata mwanao nilimwambia mambo mawili mazuri na mawili ya kurekebisha. Nilimwambia sauti imefika na macho yametulia. Nilimwambia mkono wa kushoto utoke mfukoni, na kwamba mwishoni anaharakisha, angenyamaza kidogo kabla ya kutaja siku, ili iwaingie. Yalinitoka yenyewe, kama mtu anavyoitika akiitwa. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, akasema aksanti, hakujibu kitu. Hiyo ndiyo desturi. Sijui Alhamisi iliyofuata walikwenda mbele wangapi, na sitaki kujua.

Bado hilo si baya kuliko yote. Nimezunguka kurasa hizi zote kwa sababu ya linalofuata.

Kabla hawajamwita aliniuliza juu yako. Aliuliza, “Na mama? Mama anasemaka nini?” Ulikuwa hujasema kitu, kwa kuwa hukujua kitu, kwa kuwa mimi nilikuficha. Kumwambia hivyo ningelazimika kukiri uongo wangu mbele yake, na dakika moja tu iliyopita alikuwa ananitazama tena kama siku ile ya mjadala. Nikamwambia kwamba mama hajasema kitu.

Alitazama viatu vyake. Kisha akasema, “Donc anakubali.” Wenzake walimwita, akaenda, na mimi sikumsahihisha.

Yaya, mwanao anaamini kwamba umejua tangu mwezi wa tatu. Miezi mitano hii anafikiri umekaa Bungulu na habari yake mkononi na hukumtuma mtu, hukuandika hata neno, na kwamba kunyamaza kwako ni ruhusa yako. Anasimama juu ya kreti ile kwa ruhusa ya mama yake, na ruhusa hiyo nimempa mimi.

Phinées anapanda huko tena Jumatano, nimeshazungumza naye. Atapita kwako alfajiri. Wamama wa kanisa wanaokwenda kununua viazi hawasumbuliwi sana kwenye bariyeri, panda pamoja nao. Sitakuambia useme nini. Nimejitoa klabuni, Zorobabel ana daftari zangu, na tangu mwezi wa saba sijamfundisha mtu yeyote kusema chochote nje ya hesabu na jiografia. Nilitaka kuja nawe, lakini akiniona tena atauliza kama mkono wa kushoto sasa uko sawa.

Msalimu Jokébed, mwambie asome kwa bidii. Msalimu mama mkwe, na mchungaji, na majirani wote walioketi nasi kwenye matanga. Kavuo anakutumia sabuni mbili na chumvi. Hajui nimekuandikia haya, ila analia akifagia chumba cha Malachie. Wasingya, aksanti Yaya, kwa kunisoma mpaka hapa.

Usinijibu kwanza, hata kwa hasira. Mfikie yeye kabla ya Alhamisi, umwambie hukujua.

Mdogo wako,
Ésaïe Mumbere