Pale pa Magoti Yako

Nkende, Tarime
13 Agosti 1956

Kwako Baba Regina,

Hapa nyumbani tu wazima. Ulezi tumeshavuna. Regina anatembea sasa, na kila mwanamume anayepita njiani anamwita baba.

Baba yako alibatizwa Pasaka. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Jumapili ya Meza ya Bwana, safu ya wanaume ilipoishia ndipo ya wanawake ilipoanzia, nikajikuta nimepiga magoti bega kwa bega na baba mkwe, tunywe kikombe kimoja. Unajua kwetu mkwe hata uji hanywi mbele ya baba wa mume wake. Nikajifunika kanga, nikatoka nje. Tangu siku hiyo kina mama wananong'ona kwamba nina dhambi. Wengine wanasema ni aibu tu, eti umeoa huko mgodini.

Jana ilikuwa Meza tena. Baba alipiga magoti, akaacha pengo la mtu mmoja kati yetu. Mchungaji akamwambia, "Mzee, sogea."

Akajibu, "Hapa ni pa mwanangu. Mkwe wangu ananiheshimu, nami namheshimu. Asikose kikombe kwa sababu yangu."

Kikombe kikapita juu ya pengo lile, nikanywa. Sikuinua macho. Nilichoona ni sakafu tu, pale ambapo magoti yako yangekuwa.

Meza nyingine ni Desemba. Baba amesema hatasogea.

Wala mimi.

Mkeo,
Gati